Rasimu ya sheria ndogo ya kengele za uongo: niseme nini kwenye kikao cha maoni?

MamaFunguo

Wakuu habari zenu. Naomba mnisome hadi mwisho, nimebakiwa na siku tisa tu kabla ya kikao.

Mimi ni msimamizi wa jengo la shule ya awali. Si mwalimu, si mmiliki. Kazi yangu ni funguo, maji, umeme, usafi na kengele. Kengele tunazo mbili. Ya wizi ina vitambua mwendo vitatu na sumaku za milango na madirisha. Ya moto ina vitambua moshi saba na vile visanduku vyekundu vya kubonyeza ukutani. Zote hupeleka ishara kwenye chumba cha zamu cha kampuni ya ulinzi, na wao ndio wanaopigia polisi au zimamoto. Usiku simu ya kwanza hulia kwangu.

Sasa halmashauri imetoa rasimu ya sheria ndogo. Kila mwenye kengele aisajili na kuhuisha kibali kila mwaka. Kengele mbili za uongo kwa mwaka zinasamehewa, ya tatu ni faini, ya nne faini mara mbili, na ikifika ya sita polisi hawaji tena mpaka fundi aandike kwamba kasoro imeondolewa. Halafu kifungu cha mwisho kabisa kinasema: "Masharti haya yatahusu pia kengele za moto." Sentensi hiyo moja, basi.

Nikafungua daftari langu. Ndani ya miezi kumi na miwili tumeita watu bure mara sita, yaani ndivyo walivyoandika wao. Mara ya kwanza dada mpya wa usafi aliingia alfajiri akasahau tarakimu ya mwisho ya namba ya kutegua, yaani ya kuizima kengele. Mara ya pili ni puto. Tulifunga muhula, maputo ya gesi yakabaki darini, na usiku puto moja likaanza kuishiwa gesi likashuka polepole mbele ya kitambua mwendo cha ukumbini. Mara ya tatu ni kitambua mwendo hichohicho, saa nane usiku. Nilitaabika nacho wiki mbili mpaka fundi alipokifungua akakuta buibui ameweka makao juu ya kioo chake. Ya nne na ya tano ni za moto: mvuke wa chumba cha kufulia, na vumbi la fundi rangi aliyekuwa akipiga msasa ukuta bila mtu kufunika vitambua moshi.

Ya sita ndiyo inayoniuma. Ishara ilitoka dirisha la stoo. Polisi walikuja, wakazunguka na tochi, hawakuona kitu, wakaandika "uongo". Kulipokucha nikakuta fremu imechimbwa na bisibisi, rangi imebanduka, vumbi la mbao liko chini. Nikapiga picha nikapeleka. Nikaambiwa taarifa imeshafungwa.

Kwa hesabu ya rasimu hiyo tungekuwa tumeshalipa faini na polisi wameshaacha kuja. Lakini faini siyo inayoninyima usingizi. Mmiliki wa jengo aliisoma rasimu, akaniuliza kama hatuwezi kuzima vitambua moshi vya korido, vile vilivyo karibu na chumba cha kufulia, "mpaka tuelewe sheria inakwendaje". Nimekataa. Lakini mimi nina siku za mapumziko, na watoto ni 64.

Je, nipinge rasimu yote? Nikubali nusu? Kuna mahali wameshajaribu sheria kama hizi tukajua zilizaa nini?

---

Kijana_wa_Ghorofani

Pole dada. Kwa mtazamo wangu pinga yote. Mtu analipia kengele, analipia kampuni ya ulinzi kila mwezi, kodi ya jengo analipa, halafu akiita polisi anaambiwa lipa tena? Polisi kuja ni haki ya mwananchi. Kwetu tuliwahi kutozwa kwa sababu umeme ulikatika ukarudi, kengele ikalia yenyewe. Kosa letu lilikuwa lipi pale?

---

ZamuYaUsiku

Mama Funguo, nimekaa miaka 11 kwenye chumba cha zamu unachokisema, upande wa pili wa hiyo simu. Ngoja nikueleze kulivyo, kisha uamue mwenyewe cha kusema.

Usiku wa upepo, ishara zinaingia mfululizo. Mlango wa ghala uliolegea unagongagonga, sumaku inaachana, inashikana, inaachana tena. Kila ishara ina jina la jengo na jina la eneo, na baada ya miezi michache unayajua majengo kwa tabia zao. Nikiona "dirisha stoo" la jengo fulani najua ni lilelile la juzi. Nikimpigia askari wa kituo kumpa anwani hiyo mara ya nne kwa mwezi, namsikia anavyopumua. Atakwenda, lakini hatakimbia. Hilo ndilo balaa lenyewe, kwa sababu siku mwizi atakapoingia kwenye dirisha hilo, mimi na askari wote wawili tutakuwa tumeshazoea.

Hizi si hisia zangu peke yangu. Marekani, ambako kengele za majumbani ni nyingi, mwaka 2002 polisi waliitikia kengele zipatazo milioni 36, na kati ya 94 na 98 katika kila 100 zilikuwa za uongo. Kila wito ulichukua kama dakika 20, mara nyingi askari wawili. Hesabu mwenyewe ni saa ngapi za doria zimekwenda kwenye maputo na buibui. Kwa hiyo kijana hapo juu, nakuelewa, ila polisi anayezunguka jengo tupu na tochi kuna mtaa mwingine amekosekana.

Swali lako la pili, walikojaribu. Iko miji iliyotegemea faini pekee na iko iliyokwenda mbali zaidi. Hukohuko Marekani, Las Vegas tangu 1991, na Salt Lake City tangu Desemba 2000, polisi hawaendi kwenye kengele ya wizi mpaka mtu au kamera ithibitishe kwamba kuna jambo. Salt Lake City safari za polisi kwenye kengele zilipungua kwa karibu asilimia 90. Toronto, Kanada, wakafuata Septemba 2018, na Seattle, Marekani, tangu Oktoba 2024 wanataka ushahidi wa picha, sauti, shahidi aliyeona, au mtu aliyebonyeza kitufe cha dharura. Uingereza wana njia yao: kengele zinazopelekwa polisi hupewa namba maalumu ya utambulisho, mfumo unatakiwa uwe na vitambuzi viwili tofauti vinavyokubaliana kabla ya kuita, na ukiita bure mara tatu ndani ya miezi 12 polisi wanasitisha kuja.

Lakini pale walipoanza kuthibitisha, mtu wa kwanza kwenda kutazama akawa mlinzi wa kampuni. Mwenye uwezo wa kumlipa mlinzi amefika, asiye na uwezo je? Shule yako ina mlinzi wa usiku? Kama haina, usikubali kirahisi maneno "mpaka ithibitishwe" bila kuuliza nani atathibitisha na kwa gharama ya nani.

Jambo ambalo ningelitetea kwa nguvu zote ni dogo na halina gharama: simu mbili. Kabla ya kuita polisi, chumba cha zamu kipige namba mbili tofauti za watu wa jengo. Florida, Marekani, wameliweka kwenye sheria ya jimbo. Nilipokuwa kazini tulikuwa tunapiga moja tu, tena ya mezani ya jengo lenyewe, ambalo kwa kawaida saa nane usiku halina mtu. Tulipoanza kupiga na simu ya mkononi ya mshika funguo, yaani mtu wa jengo mwenye funguo na anayeweza kuitwa, nusu ya usiku wangu ilibadilika. "Samahani, ni mimi nimeingia, nimesahau namba." Kwisha.

Na hapo ndipo ninapokuomba usikipinge kibali cha kila mwaka. Najua kinaonekana kama kodi. Ila kuna usiku mmoja ishara iliingia ya duka la dawa. Namba ya kwanza, mwenyewe ameshahama. Namba ya pili akapokea binti, nikamtaja baba yake kwa jina, akakaa kimya kisha akaniambia baba alizikwa mwezi uliopita. Nilimwamsha saa tisa usiku kumkumbusha msiba. Namba ya tatu haipatikani. Polisi wakasimama nje ya mlango uliofungwa, hawana ufunguo, hawana mtu wa kumuuliza. Ile orodha haikuguswa kwa miaka sita. Kibali kinachomlazimisha mtu kuandika upya majina ya washika funguo kila mwaka ni kitu cha maana kuliko faini yote iliyo kwenye rasimu yako. Dai tu kiwe cha bure, au cha gharama ya karatasi.

Kengele ya moto sitaigusa. Namwachia anayeijua.

---

Bomba_la_Pili

Nimeitwa nadhani. Nimekuwa zimamoto miaka 26, nimestaafu.

Mwanangu, kile kifungu cha mwisho kiondoe, hata kama huna nguvu ya kubadili kingine chochote. Siyo kwamba kengele za uongo za moto hazina madhara. Zina madhara makubwa, na nitakusimulia mambo mawili ambayo sijayasahau.

La kwanza. Tulikuwa mlangoni pa jengo la ofisi, mvuke wa bafu umewasha kitambua moshi, mara ya tatu wiki hiyo. Tukiwa pale ndipo ukaingia wito wa kweli, upande mwingine kabisa wa mji. Gari lililokuwa karibu na ule moto ni letu, nasi hatukuwepo. Sitaki kueleza zaidi tulichokuta.

La pili. Nyumba ya wageni, korido ya ghorofa ya juu. Tulipomaliza kuzima nikaangalia dari kujua kwa nini kengele haikulia mapema. Kitambua moshi kilikuwa kimevalishwa glavu ya mpira na kufungwa kwa uzi. Mhudumu alisema kilikuwa kinalia kila watu wakioga na bosi wake alichoka kulaumiwa.

Kwa hiyo mmiliki wako anapouliza habari ya korido, ana hofu ileile ya bosi wa nyumba ya wageni. Faini ya kengele ya wizi ikimfanya mtu aizime, atapoteza mali. Faini ya kengele ya moto ikimfanya aizime, hutaki nimalizie. Sheria inayoziweka hizi mbili kwenye kapu moja imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kutambaa kwenye moshi.

Ziko nchi zilizopunguza safari za bure za zimamoto, na zimefanya kwa kutenganisha majengo. Scotland tangu Julai 1, 2023 zimamoto hawaendi kwenye kengele ya otomatiki ya ofisi au biashara mpaka mtu athibitishe kuna moto, ila majengo ambamo watu wanalala, kama hospitali, hoteli na nyumba za wazee, wanaendewa kama zamani. London tangu Oktoba 29, 2024 walifanya karibu hivyo kwa majengo mengi ya biashara, lakini kwa saa za mchana tu, saa moja asubuhi hadi saa mbili na nusu usiku. Hesabu yao ni kwamba mchana kuna watu macho wanaoweza kutazama na kupiga simu. Watoto wadogo waliolala usingizi wa mchana uwaweke kundi gani? Mimi ningewaweka kundi la wanaolala. Lisemee hilo kwenye kikao.

Na muda, mama. Chumba chenye makochi ya sponji na plastiki za siku hizi kinaweza kuwaka chote kwa mkupuo chini ya dakika tano tangu moto uanze. Kwa hiyo zile simu mbili za ndugu yangu wa zamu ni nzuri kwa mwizi, siyo kwa moto. Kuna mfumo unaotumika kwenye majengo yenye watu waliofunzwa: kengele inaanza kwa mhudumu peke yake, ana sekunde 15 kubonyeza kwamba ameipokea, kisha dakika tatu za kwenda kutazama. Asipobonyeza, au dakika tatu zikiisha, jengo zima linalia. Kitambua moshi cha pili kikiwaka, linalia papo hapo. Shule ya awali sitaishauri iutumie bila mafunzo ya kweli. Kwenu ninyi utaratibu uwe mmoja: ikilia, watoto nje kwanza. Kutazama baadaye.

Badala ya faini, zimamoto wapewe nguvu ya kuamuru matengenezo. Kengele ya moto ikilia bure mara mbili mahali palepale, mkaguzi aje, aandike chanzo, atoe siku kadhaa za kurekebisha. Anayekaidi amri ndiye atozwe. Atozwe kwa kukaidi, asitozwe kwa kulia kwa kengele. Na anayekutwa amefunika au amechomoa kitambua moshi, huyo ndiye astahili adhabu kali kuliko wote.

Tazama vitambua moshi vyako tarehe ya kutengenezwa, imeandikwa mgongoni. Zile aina za majumbani huhesabiwa miaka 10, kisha hubadilishwa. Na hicho cha karibu na mvuke, mwambie fundi akisogeze au kama ni ndani ya chumba cha kufulia aweke cha joto badala ya cha moshi. Mvuke haukisumbui.

---

MamaFunguo

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimesoma mara tatu.

Leo nimepanda ngazi mwenyewe. Vitambua moshi vinne kati ya saba vina miaka 12, kikiwemo cha karibu na chumba cha kufulia. Hakuna aliyewahi kuniambia vina umri. Kisha nikapiga simu kwenye kampuni nikaomba wanisomee orodha yetu ya washika funguo. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni mwalimu mkuu aliyeondoka miaka mitatu iliyopita. Wa tatu, yule binti wa ofisini akanisomea namba yenye tarakimu pungufu moja. Nilikuja hapa nikiwa nimejiandaa kukipinga kibali. Nimeacha.

Bado nina mambo mawili. ZamuYaUsiku, neno "uongo" kwenye rasimu limeelezwa hivi: "wito ambao polisi hawakukuta dalili ya uhalifu". Kwa maelezo hayo dirisha langu la stoo ni uongo mpaka kesho. Ningeliandikaje? Na yule dada wa usafi, tarakimu ya mwisho alikuja kuikumbuka, lakini ving'ora vilishalia na polisi walishaitwa. Je, hilo nalo ni la sheria au la fundi?

---

ZamuYaUsiku

La dada wa usafi ni la fundi, tena rahisi. Kuna kiwango cha Marekani cha paneli za kengele (vile visanduku vikuu vinavyoiongoza kengele) kiitwacho CP-01, kilichoandikwa kwa ajili ya kupunguza kengele za uongo tu. Kinataka muda wa kutoka baada ya kutega, yaani kuiwasha kengele, usipungue sekunde 45, na muda wa kuingia kabla haijalia usipungue sekunde 30. Halafu, na hili wengi hawalijui, kengele ikishalia paneli isubiri kati ya sekunde 15 na 45 kabla ya kupeleka ishara nje. Mtu akitegua ndani ya nafasi hiyo, chumba cha zamu hakisikii chochote. Kwa moto nafasi hiyo haipo, na isiwepo. Muulize fundi wako paneli yenu imewekwa ngapi. Nakuta nyingi zimeachwa sifuri.

Mwambie pia aweke ukomo: eneo moja likishalia mara mbili ndani ya kutegwa kumoja, linyamazishwe mpaka kutegwa tena, mengine yaendelee kulinda. Buibui wako angeita mara moja au mbili, basi.

Sasa neno "uongo". Ningependekeza hivi: "Kengele ya uongo ni ile iliyosababishwa na makosa ya mtumiaji, ufungaji mbaya, au kukosa matengenezo." Liwekeni kwenye chanzo. Maelezo yao yanahesabu ambacho askari hakukiona gizani, na askari haoni kila kitu, si kosa lake. Kisha mtoe nje: kukatika kwa umeme au mawasiliano, dhoruba, na jaribio la kuvunja. Ongeza kwamba mwenye jengo ana siku kumi za kupeleka ushahidi, na taarifa ikifungwa iweze kufunguliwa. Zile picha za bisibisi unazo bado? Zichapishe uende nazo. Mtu mmoja akiinua picha ya fremu iliyochimbwa, watu wataelewa kifungu kizima.

Jambo la mwisho kwangu, kwa kuwa ni halmashauri na si polisi: king'ora cha nje. England na Wales kuna sheria ya mwaka 2005 inayoziruhusu halmashauri kutenga maeneo ambamo kila mwenye kengele lazima ataje mshika funguo, na king'ora kikilia mfululizo zaidi ya dakika 20 ofisa anaweza kuingia kukizima. Majirani wanaolala karibu na jengo lako watakuja kwenye kikao hicho wakiwa na hasira ya king'ora, hata polisi hawawahusu. Ukiwatangulia kwa kupendekeza king'ora kijizime chenyewe, utakuwa umepata watu wa kukuunga mkono kwenye lile la moto.

---

Kijana_wa_Ghorofani

Nimejifunza, naondoa ile "pinga yote". Swali langu bado lipo lakini: fundi akifunga vibaya, kampuni ikipiga polisi bila kunipigia mimi, kwa nini faini ije kwangu?

---

ZamuYaUsiku

Swali zuri, na kuna mji ulioligeuza hilo. Sandy Springs, jimbo la Georgia huko Marekani, waliamua faini za kengele za uongo ziende kwa kampuni za kengele badala ya mteja. Kampuni zikaenda mahakamani, na mahakama hazikuwapa ushindi. Hoja ya mji ilikuwa kwamba mwenye uwezo wa kurekebisha paneli, kufundisha mteja na kupiga simu mara mbili ni kampuni.

Mimi niliyekuwa mwajiriwa wa kampuni nakwambia ingekuwa imetubadilisha haraka. Ila faini ya kampuni inaweza kurudi kwako kwenye ankara ya mwezi ujao kwa jina lingine, kwa hiyo sheria ikataze hilo waziwazi. Na pale kosa ni la mteja kweli, kama mlango alioacha wazi, abebe mwenyewe. Mama Funguo, omba tu kwamba kila taarifa iandike chanzo na nani mwenye chanzo hicho. Bila hiyo kumbukumbu hakuna mwaka watakaoweza kurekebisha sheria yao kwa haki.

---

MamaFunguo

Nimerudi. Kikao ni kesho, na haya ndiyo nitakayosoma. Nimepewa dakika tano kwa hiyo nimeyafupisha.

Nakubali kibali cha kila mwaka, kiwe bure, na mtu asikipate mpaka aandike washika funguo wawili ambao simu zao zimejaribiwa siku hiyohiyo. Kwa kengele ya wizi nakubali faini kuanzia ya tatu, kwa sharti kwamba kampuni ya ulinzi imepiga simu mbili kwanza. Isipopiga, faini ni yao na wasiirudishe kwenye ankara. Neno "uongo" liandikwe upya kwa chanzo, na siku kumi za ushahidi. Hapo nitainua picha ya dirisha. Polisi kuacha kuja kabisa nimelipinga kwa shule, zahanati na majengo yanayolea watu, kwa sababu hatuna mlinzi wa kutuma.

Kifungu cha moto naomba kitoke chote. Badala yake: ukaguzi baada ya mara mbili, amri ya matengenezo, na adhabu kwa anayezima au kufunika. Nimeomba ruhusa ya mzee Bomba_la_Pili kusimulia ile glavu ya mpira, amenikubalia kwenye ujumbe. Nitaisimulia nikimtazama mmiliki wangu, maana naye anakuja.

Jana usiku nilikaa naye nikamwonyesha tarehe zilizo migongoni mwa vile vitambua moshi. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza kama kile cha karibu na mvuke kilikuwa kinalia kwa sababu ya sehemu kilipo au kwa sababu ya uzee. Nikamwambia huenda ni vyote viwili. Akasaini karatasi ya manunuzi ya vyote vinne na kimoja cha joto.

Fundi anakuja Jumatano saa tatu. Nimemwandikia kwenye karatasi: kwanza vitambua moshi vya korido, kabla hajagusa kitu kingine chochote, kisha muda wa paneli, kisha sumaku ya dirisha la stoo. Na karatasi nyingine nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la paneli, kwa ajili ya siku ambazo mimi sipo. Imeandikwa namba yangu, namba ya mwalimu mkuu wa sasa, na maneno haya: "Ikilia ya moto, watoto nje kwanza. Usiizime."